Mzizi wa Aune Lahtela

Katika kambi ya watoto ya Ziwa Korpi, mpishi hashukuriwi kwa maneno matupu. Watoto wakishiba hupiga meza kwa viganja na kuimba, "Mpishi! Mpishi! Toka tukuone!" na hawanyamazi mpaka atoke jikoni, apande benchi lililo karibu na mlango, na ainue mkate mweusi juu ya kichwa chake kwa mikono miwili. Hapo bwalo zima hulipuka kwa kelele, na ndege waliotulia majini huruka kwa hofu.

Marlys Brekke alikuwa amelipanda benchi hilo majira mengi ya joto. Zamani alikuwa akijifanya hataki. "Jamani, niacheni, nimeacha sufuria motoni," alikuwa akisema, na huku mguu mmoja umeshafika juu ya benchi. Lakini mwaka huu alitoka ameinamisha kichwa, akainua mkate hadi usawa wa kifua tu, kisha akashuka upesi kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

"Goti?" aliuliza Dewey Roszak, mwosha vyombo wake, mzee mnene aliyestaafu kazi ya mgodi wa chuma.

"Goti."

"Lipi?"

"La kushoto."

"Jana ulisema la kulia."

"Basi yote mawili! Osha vyombo, Dewey."

"Sawa, bosi. Nilidhani nina bosi mwenye magoti mawili, kumbe ana manne."

Halikuwa goti. Ilikuwa aibu, na aibu haina dawa ya kupaka.

Ili kuielewa aibu hiyo, lazima tumrudie Marlys kabla hajalijua ziwa. Alikuwa mpishi wa shule katika mji mdogo wa wachimba chuma, kaskazini kabisa mwa Minesota. Aliwapikia watoto wa mji ule maharage na viazi hadi wakakua, wakaoana, wakaleta watoto wao, naye akawapikia hao pia. Hakuna aliyejua jina lake. Walimwita "yule wa maharage", si kwa ubaya, bali kama mtu anavyosema "ule mlango wa nyuma". Mumewe, Wendell, alikufa kimya kimya kama alivyoishi. Kisha mgodi ukafungwa, familia zikahama, shule ikakosa watoto, na Marlys akakabidhi funguo za stoo bila hata mtu kumwandalia chai ya kuagana.

Ndipo aliposikia kwamba kambi ya Ziwa Korpi inatafuta mtu wa kumrithi Aune Lahtela, mpishi wa Kifini ambaye mgongo wake ulikuwa umekataa kuinama tena. Kambi yenyewe haina barabara. Utafika kwa ndege ndogo inayotua majini, au utapiga kasia na kubeba mtumbwi wako kichwani kutoka ziwa moja hadi jingine. Watoto huletwa huko kiangazi wajifunze kuishi msituni, na mtoto aliyepiga kasia mchana kutwa hula kama fisi. Kwa hiyo jiko ndilo moyo wa mahali pale, na moyo wa jiko ulikuwa mkate wa Aune.

Walipika pamoja kiangazi kimoja. Aune hakuwa mtu wa maneno mengi. Wafini wa kule hutoa neno kama mtu anayetoa nguo yake ya mwisho. Alimfundisha Marlys kwamba mkate ule mweusi hauumuliwi kwa hamira ya dukani. Unaumuliwa kwa chachu inayoishi ndani ya mtungi wa kioo, unga wa rai, ile nafaka ya nchi za baridi, na maji vilivyochacha vikawa na uhai wao, chachu ambayo hulishwa unga mpya na hutolewa kidogo kila unapooka. Katika lugha ya akina Aune, jina la chachu hiyo ndilo jina la mzizi wa mti. Naye hakuiita vinginevyo: Mzizi. Bibi yake alikuja nao kutoka ng'ambo ya bahari, ukiwa umekaushwa na kufungwa katika kitambaa, na tangu hapo haukuwahi kufa.

Siku ya mwisho Aune aliupakata mtungi, akaufuta kwa aproni, akauweka mikononi mwa Marlys.

"Huu si wangu, na hautakuwa wako," alisema. "Wewe ni mlezi. Kila wiki uulishe. Ukiugua, mpe jirani aulishe. Nyumba ikiungua, toa huu kwanza, halafu mume."

"Mume wangu alishakufa, Aune."

"Basi kazi imepungua."

Hivyo ndivyo Marlys alivyopata cheo duniani. Kiangazi Mzizi uliishi kambini, na ziwa lilipoganda ulikwenda naye nyumbani, ukakaa juu ya meza ya jikoni karibu na redio. Watu wa mjini ambao zamani hawakumjua walianza kumsimamisha dukani. "Wewe ndiye mwenye Mzizi wa Aune?" Naye alijibu, "Ndiye mimi," na kurudi nyumbani na vitu nusu, kwa maana furaha ilikuwa imemsahaulisha alichotumwa na tumbo lake.

Majira ya baridi yaliyopita, mwanawe Trevor alipiga simu kwamba ataleta wakwe zake watarajiwa, akina Whitcomb, watu wa jiji la Miniapolis. Baba ni mwanasheria, mama anauza nyumba za watu matajiri. Marlys alisugua nyumba mpaka rangi ikalalamika. Alibadilisha mapazia. Alificha kalenda ya duka la matairi. Kisha, wageni wakiwa tayari njiani, akasimama katikati ya jikoni na kunusa. Mtungi ulikuwa unanuka kama tufaha lililooza ndani ya soksi.

Siku nyingine yoyote harufu ile ilikuwa fahari yake. Siku ile aliona haya. Alimfikiria yule mama muuza nyumba akikunja pua, na Trevor akitazama sakafu. Akauchukua mtungi, akauficha ndani ya oveni, akawasha taa yake ndogo ili Mzizi upate joto.

Wafuga chachu wote wa kule hufanya hivyo wakati wa baridi kali, na wote wanajua sheria yake: ukiweka chachu ndani ya oveni, bandika kipande cha karatasi juu ya kitufe cha moto, ili asije mtu akawasha. Marlys aliijua sheria kuliko anavyojua sala. Lakini karatasi juu ya kitufe ingeulizwa. "Hii ni nini, Marlys?" Na ingebidi aeleze. Kwa hiyo hakubandika.

Wageni waliingia na theluji mabegani. Marlys alipokea makoti, akajikwaa kwa maneno, akasema "karibuni" mara nyingi kuliko inavyohitajika, na katika pilikapilika hiyo mkono wake, mkono ule uliozoea jiko miaka yote, ukaenda wenyewe ukawasha oveni ili ipate moto kwa ajili ya paja la nguruwe.

Walikuwa wameketi sebuleni, wakizungumza habari za barabara, wakati nyumba ilipojaa harufu nzuri ajabu.

"Jamani, harufu hiyo!" alisema Bi Whitcomb, akifumba macho. "Marlys, umetuokea mkate? Usingejisumbua hivyo, mpenzi."

Marlys alitabasamu kabla ya kuelewa. Kisha akaelewa. Tabasamu likabaki usoni kwa kuwa hakujua pa kuliweka.

"Ndiyo," alisema. "Mkate. Kidogo tu."

Alikwenda jikoni akafungua oveni. Mtungi ulikuwa umepasuka, na Mzizi uliovuka bahari ulikuwa umekaa kati ya vioo, umeiva, umepata rangi ya kahawia juu. Alifunga mlango wa oveni. Akarudi sebuleni akasema, "Umeungua, samahanini," na wote wakacheka kwa upole, nao wakala viazi.

Usiku mmoja baada ya mwingine alijaribu. Alichimba katikati ya lile donge akitafuta sehemu isiyofikiwa na moto, akaichanganya na unga na maji, akaifunika kwa sweta la Wendell. Ikaota ukungu. Akajaribu tena, ukungu. Mwishowe alifanya kitu ambacho mtu yeyote mwenye unga na subira anaweza kufanya: alianzisha chachu mpya. Ikalala, ikanuka vibaya, kisha ikaanza kutoa mapovu. Ilikuwa chachu nzuri. Haikuwa na kosa lolote isipokuwa jina. Akanunua mtungi unaofanana na ule wa zamani, akaupaka unga kwenye shingo ili uonekane mkongwe.

Mwisho wa majira ya baridi alimpigia Aune simu. Alikuwa ameamua kusema. Alikuwa amejizoeza mbele ya kioo cha bafuni.

"Lahtela," ilisema sauti.

"Ni mimi, Marlys."

"Najua. Theluji huko?"

"Imefika dirishani."

"Hapa pia." Kimya. Kwa watu wale kimya si kitu kibaya, ni kama kiti cha ziada. "Mzizi vipi?"

Neno lilikuwa limefika kwenye meno. "Haujambo," alisema Marlys. "Unaumuka vizuri."

"Vema. Basi."

Simu ikakatwa. Marlys alibaki na mkono wa simu sikioni, akisikiliza mlio wake, mpaka ule mlio nao ukaonekana kumshangaa.

Hii ndiyo sababu kiangazi kile mkate ulikuwa mzito mikononi mwake. Watoto wapya walikula na kuimba. Hao hawakuwa na kosa. Waliomuumiza ni wale waliowahi kuja kambini utotoni, ambao sasa ni watu wazima wenye vipara, na ambao walipita kuwaleta watoto wao. Kulikuwa na mmoja, Bwana Haldorsen, tajiri wa mbao, aliyeuma kipande, akafumba macho, machozi yakamtiririka mbele ya mkewe. "Ladha ile ile," alisema. "Mama yangu alikuwa hai nilipoionja mara ya kwanza. Ladha ile ile!" Akamkumbatia Marlys. Marlys akasimama ndani ya kumbatio lile kama mwizi aliyesimama ndani ya koti aliloiba.

Kisha mkuu wa kambi, Curt Vanek, akaleta habari. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye filimbi shingoni hata anapopiga mswaki. Aliingia jikoni akisugua mikono.

"Marlys, shika kitu usianguke. Jumamosi hii, wazee wa kambi wakirudi kututembelea, unajua nani anakuja? Aune! Ndege itamleta asubuhi na kumrudisha jioni. Nimemuuliza anataka tumwandalie nini. Unajua kasema nini?"

"Kasema nini?"

"'Mkate.' Halafu akakata simu."

"Ndiye yeye huyo," alisema Dewey toka kwenye sinki. "Aliwahi kuniambia 'habari za asubuhi' mwaka fulani. Nikajua ananipenda."

Marlys alishika meza. Curt akadhani ni furaha.

Asubuhi ya Jumamosi, kabla ndege haijasikika, Marlys alikuwa peke yake na mtungi. Alikuwa ameshafikiri mengi, na yote yalikuwa mabaya. Angeweza kuunguza mkate. Angeweza kuugua. Na kulikuwa na la tatu, rahisi kuliko yote: mtungi uanguke. Mitungi huanguka. Mzizi ungekufa leo, mbele ya mashahidi, kwa bahati mbaya, na yeye angelia machozi ya kweli na kupewa pole. Aliuinua mtungi, akausogeza nje ya ukingo wa meza, juu ya sakafu ya mawe. Vidole vikalegea kidogo.

"Unaubatiza?" Dewey alikuwa mlangoni na ndoo ya maganda.

Marlys aliurudisha mezani. "Nautazama kwenye mwanga."

"Mwanga uko dirishani, bosi."

Marlys aliufunika mtungi. Uso umeumbwa na haya, na wake ulikuwa mwekundu hadi shingoni. Alijua sasa kwamba mwanamke aliyeweza kufikiri lile angeweza lolote, na jambo hilo lilimtisha kuliko Aune. Akaapa: nitamwambia kabla hajaonja. Kabla hajaonja.

Ndege ilitua, ikasukumwa hadi gatini. Viongozi wawili wa watoto, wenye misuli, walimwinua Aune juu ya kiti ili wampandishe kilima.

"Nishusheni," alisema. "Mimi si gunia."

"Bi Aune, kilima ni kirefu."

"Nakijua kilima hiki kabla ya baba zenu. Nishusheni."

Alipanda kwa fimbo mbili, polepole, na kambi nzima ikapanda nyuma yake polepole. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yale yale, ya rangi ya maji ya baridi. Hakwenda bwaloni walikopamba. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akafunga mlango mbele ya pua ya Curt, akatazama huku na huku.

"Sufuria kubwa imehama."

"Nilikuwa nagonga kiwiko," alisema Marlys.

"Mimi sikugonga." Aliketi. "Haya. Mkate."

"Aune, kabla hujala, kuna jambo—"

"Baadaye. Nimetoka bila chai kwa sababu ya mkate huu. Kata."

Ni mara ngapi binadamu amepotezwa na neno "baadaye"? Marlys alikata. Mikono ilikata yenyewe, ikapaka siagi, ikaweka sahani. Alisema moyoni, sasa, sema sasa, na mdomo ulikuwa kama umeshonwa. Aune aliuma. Akatafuna muda mrefu akitazama dirisha. Kisha yule mwanamke ambaye kambi nzima ilikuwa haijawahi kumwona akilia, kidevu chake kikaanza kutetemeka.

"Ndio huu," alisema. "Ndio huu wenyewe."

Akala kipande chote, na makombo akayaokota kwa ncha ya kidole. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kichupa kidogo cha jemu, safi, kikavu.

"Nimehama," alisema. "Nipo nyumba ya wazee sasa. Mkate wao ni kama sifongo ya kuogea. Nimesema na mpishi wao, msichana mzuri, amekubali kunipa pembe ya rafu. Nitilie kijiko kimoja cha Mzizi. Nitaulisha mwenyewe." Halafu akaongeza, kama mtu anayeona haya kuomba: "Nataka kufa nikiwa na kitu cha kulisha."

Marlys alifungua mtungi. Alichukua kijiko, akakichovya, akakiinua. Ile chachu ilivutika kutoka kijikoni kama utepe mrefu. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Aune mwenyewe alikuwa ameshaapa kwa machozi yake. Kijiko kilikuwa juu ya kichupa wakati Marlys alipokiona kile kichupa vizuri: lebo ilikuwa imebanduliwa, na gundi yake ilikuwa imekwanguliwa kwa kucha, taratibu, na mtu mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi.

Akarudisha kijiko.

"Si wenyewe," alisema.

"Si nini?"

"Si Mzizi. Mzizi ulikufa. Niliuua mimi, majira ya baridi. Niliuficha ndani ya oveni, nikawasha."

Aune alimtazama. "Karatasi?"

"Sikubandika."

"Kwa nini?"

"Walikuja wakwe wa Trevor. Niliona haya kuwa unanuka."

Nje watoto walikuwa wanaingia bwaloni, viti vikiburuzwa. Aune alitazama sahani yenye siagi, kisha kichupa chake, kisha Marlys, na uso wake ulikuwa unafunga dirisha moja baada ya jingine.

"Ulinipigia simu," alisema.

"Nilipiga nikuambie."

"Hukuniambia. Ulisema haujambo. Unaumuka vizuri." Alizungumza polepole. "Nilikuwa na mwingine."

"Mwingine?"

"Mzizi. Mkavu. Niliukausha kama bibi alivyofanya, nikaufunga katika kitambaa, nikautia kwenye friza. Umekaa humo miaka na miaka, endapo utakufa. Nilipokuwa nahama, binti yangu alisema, mama, chumba chako ni kidogo, friza haitoshi, tupa. Nikasema subiri. Siku hiyo ndiyo ukapiga simu. Nikakata simu, nikamwambia binti yangu, tupa. Marlys anao."

Marlys alikaa chini kwenye gunia la viazi. Tangu baridi alikuwa anadhani kosa lake ni kitufe. Kitufe kilikuwa bahati mbaya ya nyumba yoyote. Mzizi ulikuwa haujafa siku ile ya oveni. Ulikufa ndani ya simu, kwa neno moja, na aliyelisema ni yeye.

"Nisamehe," alisema.

 Kule bwaloni meza zilianza kupigwa. "Wapishi! Wapishi! Tokeni tuwaone!" Curt alikuwa amewafundisha wauimbe kwa wingi, na kabla ya kula, kwa heshima ya siku.

"Nenda," alisema Aune.

"Siwezi kupanda benchi lile leo."

"Nenda ukawaambie."

"Mbele ya watoto, Aune?"

"Mimi ulinidanganya kwa simu, peke yangu. Wale umewadanganya juu ya benchi. Shuka ulikopandia."

Marlys alitoka mikono mitupu. Aliposimama juu ya benchi bila mkate, kelele zilipungua zenyewe. Aliona vichwa vya watoto vyenye maji ya ziwa, akaona vipara vya wazee wa kambi, akamwona Bwana Haldorsen mstari wa mbele akiwa tayari na leso. Alisema. Hakusema vizuri. Alianza na wakwe, akarudi kwenye oveni, akasahau kueleza karatasi, akarudia. Sauti ilitoka nyembamba. Lakini alisema yote, hata la simu, hata la unga alioupaka kwenye shingo ya mtungi.

Kimya kilikuja, na hakikuwa kile cha kiti cha ziada.

Msichana mmoja mwenye nyaya za kunyoosha meno aliinua mkono. "Kwa hiyo sisi tumekuwa tunakula nini?"

"Mkate," alisema Marlys. "Wa chachu ya mwaka huu. Niliianzisha nyumbani."

"Aa. Ni mtamu tu."

Baadhi wakacheka. Bwana Haldorsen hakucheka. Alisimama, mwekundu kama kamba aliyechemshwa. "Mimi nililia!" alisema. "Mbele ya watu! Nililia juu ya mkate ule!"

"Lia tena, bwana," alisema Dewey kutoka mlangoni. "Hatutozi."

Hapo bwalo zima likaangua kicheko, na kicheko hicho kilimwangukia Haldorsen na Marlys kwa pamoja. Mmoja angeweza kutoka nje akabamiza mlango, naye alifanya hivyo. Mwingine ilimbidi asimame pale juu mpaka kiishe, maana chakula cha mchana kilikuwa bado hakijatolewa na aliyepaswa kukitoa ni yeye. Curt akapuliza filimbi, akaanzisha wimbo wa mitumbwi, ukaimbwa kwa uvivu.

Mchana ule Aune aliketi barazani na wenzake wa zamani, akitikisa kichwa pale ilipobidi. Hakuja tena jikoni. Rubani alipowasha injini kuipasha moto, Marlys alivua aproni, akashuka gatini, akasimama kando kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Aune alikuwa ameketi juu ya boya kuukuu lililoachwa gatini, fimbo zimelazwa mapajani.

"Chumvi imezidi," alisema bila kumtazama.

"Ndiyo."

"Na umeuacha mlaini mno. Wangu haukuwa hivyo."

"Ndiyo, Aune."

"Na mimi nikasema ndio huu." Akageuka sasa. Macho yalikuwa makavu. "Kuua ni ajali. Mimi nimewahi kuangusha karai la samaki wa watu mia. Lakini umenifanya nilie juu ya kitu nisichokijua, nikaapa ni changu. Sasa sijui tena kama ulimi wangu unakumbuka chochote. Hiyo si ajali, Marlys. Hiyo umenipa wewe, niende nayo kule."

  Rubani na kiongozi mmoja walimsaidia Aune kuingia. Safari hii aliwaacha wamwinue. Alipokuwa amefungwa mkanda, aligonga kioo kwa pete, rubani akafungua.

"Wageni huruhusiwa Jumapili," alisema Aune.

"Nije?"

"Sijasema uje. Nimesema huruhusiwa. Ukija, usilete mkate."

"Nilete nini?"

Aune alifikiri, au alichoka. "Usilete kitu," alisema, na kioo kikafungwa.

Marlys hakwenda Jumapili iliyofuata; kambi ilikuwa imejaa. Hakwenda ile ya pili. Mvua ilizuia ndege. Ile ya tatu haikuwa na sababu, na hakwenda. Alioka, alilisha chachu yake isiyo na jina, na watoto walipoimba alitoka, akapanda, akainua mkate juu ya kichwa, maana kujificha sasa kusingemficha mtu. Wengine walipiga kelele kama kawaida. Wengine walinong'onezana.

Kambi ilipofungwa, na majani ya miti yalipogeuka manjano, aliendesha gari hadi ile nyumba ya wazee. Aliegesha mbele ya mlango. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, na mikono yake, iliyokuwa haijawahi kwenda kwa mtu bila kubeba chakula, haikujua ikae wapi. Alikaa ndani ya gari mpaka pumzi yake ikakifunga kioo. Nyuma ya dirisha moja, mtu alisogeza pazia, akatazama gari, akaliacha pazia wazi.

Marlys akafungua mlango.